Je, kupiga vyombo ni kwa watoto wa wenye nacho tu? Jibu kwa mama wa Ilomba

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Ilomba hapa Mbeya, na nafanya kazi za ndani kwa familia moja ya mtaa wa Forest. Binti yao ana miaka 9, mwalimu wa piano anamfuata nyumbani mara mbili kwa wiki, na mwaka huu anafanya mtihani wa gredi. Mwanangu ana miaka 11, yuko darasa la tano shule ya serikali. Hajafundishwa na mtu, lakini akikigusa kinanda cha ushirikani kwetu (sisi ni Wamoravian) anatoa tenzi nzima kwa kusikia tu. Nilimuomba yule mwalimu amwone japo siku moja. Akaniambia umri umeshakwenda, na kwamba vyombo ni mambo ya watu wenye uwezo, bora nimwache aimbe kwaya. Mdogo wake wa kike wa miaka 8 naye huimba. Je, ni kweli tumechelewa? Na kama si kweli, nianzie wapi, maana mshahara wa kazi hii unaujua?

JIBU: Marahaba, mama. La umri nalimaliza haraka, maana halina uzito. Miaka 11 si kuchelewa. Mitihani ya gredi, yaani ya ngazi za upigaji chombo, inayofanywa na watoto wengi wa shule za kimataifa inatoka ABRSM, bodi ya London iliyoanzishwa mwaka 1889, na bodi hiyo haina umri wa chini wala wa juu; aliyejiandaa anafanya. Kwa tarumbeta, umri wa mwanao ni mzuri kuliko miaka 6 au 7, kwa sababu meno ya mbele ya ukubwani yameshakaa na mdomo una pa kuegemea. Kwa kinanda, vidole vyake vimeshaanza kurefuka na ana akili ya kukaa na kazi moja mpaka iishe. Aliyeanza na miaka 5 amemtangulia, hilo kweli, lakini mwaka wake wa kwanza wote aliutumia kujifunza kukaa kitini.

La "watu wenye uwezo" ndilo la kukaa nalo. Mwalimu yule amesema jambo ambalo nusu yake ni kweli, na nusu ile ya kweli wengi wanaielewa vibaya.

Wengi wakisikia uwezo wanafikiria ada ya somo. Hebu mtazame yule binti wa Forest, wewe ndiye unayemwona kila siku. Akifundishwa nusu saa mara mbili, hiyo ni saa moja kwa wiki. Piano iko sebuleni, haifungwi, haina wa kuigombea. Akirudi shuleni anakaa dakika 20, kesho tena 20, na kwa siku sita zimekuwa saa mbili. Hakuna anayemtuma maji. Hakuna anayemwachia mtoto mgongoni. Asipokaa, mama yake anamuuliza, kwa sababu mama mwenyewe alifundishwa akiwa mdogo, au walau anajua kwamba bila kuuliza fedha inapotea. Kwa hiyo saa ya mwalimu ni sehemu ndogo ya kile kinacholipiwa. Kinacholipiwa zaidi ni siku zile ambazo mwalimu hayupo: chombo ndani ya nyumba, muda usioingiliwa, na mtu mzima anayefuatilia. Ndiyo maana mtoto wa kipaji cha kawaida wa Forest anampita mtoto wa kipaji kikubwa wa Ilomba, na watu wanasema ana damu ya muziki.

Usidhani haya ni ya Mbeya peke yake. Venezuela walianzisha mwaka 1975 mpango mkubwa wa okestra za watoto, El Sistema, chini ya José Antonio Abreu. Masomo ni bure, vyombo vinaazimwa, na sifa yake duniani ni kwamba unawatoa watoto wa maskini mitaani. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikaja kuupima kwa utafiti uliotolewa mwaka 2016. Katika watoto walioingia kwenye vituo vilivyopimwa, maskini walikuwa asilimia 16.7. Kwenye majimbo yale yale walikoishi, kiwango cha umaskini kilikuwa asilimia 46.5. Ada sifuri, chombo cha kuazima, na bado waliojaza viti wengi wao walikuwa na nafuu. Sababu unaweza kuzitaja wewe bila kwenda Venezuela: nani amesikia tangazo la kujiandikisha, nani ana nauli ya kila jioni, nani hana mdogo wa kulea, nani hakuona aibu kuingia kwenye geti lile. Scotland nao waliondoa ada za masomo ya vyombo katika shule za umma mwaka 2021. Walifanya vema, ila ada ni mlango wa kwanza tu, na ndani kuna mingine.

Nakuambia haya kwa sababu moja. Ukiamini ukuta ni ada, utasubiri siku utakayopata fedha, na kwa kazi yako siku hiyo iko mbali. Ukiona ukuta mkubwa ni chombo na muda, kuna mahali pa kusukuma sasa hivi, na mahali penyewe ni kwenye ushirika wenu.

Ushirika wenu una kinanda. Nikikisia hali yake nadhani sitakosea sana, maana nimezunguka makanisa mengi kuanzia Tukuyu mpaka Iringa mjini na ni ile ile. Jumapili baada ya ibada kinafunikwa kitambaa cha kitenge, kinaingizwa kabatini au ofisini, kinapigwa kufuli. Ufunguo anao katibu wa kwaya. Kinatoka Jumamosi saa kumi. Hapo wanakizunguka vijana wanne, anakaa yule mkubwa, mwenye miaka 20 na kitu, na hao wengine wanatazama mikono yake. Mwanao anapata dakika tatu wakati mkubwa ameenda kupokea simu. Kwenye dakika hizo tatu ndipo alipojifunzia tenzi nzima. Sasa piga hesabu angekuwaje akipata dakika 30 siku nne za wiki.

Kwa hiyo jambo la kwanza nakushauri uombe ufunguo, kabla ya kutafuta mwalimu. Usiombe kwa mdomo mlangoni baada ya ibada, kwa sababu utajibiwa "tutaliangalia" na litaishia hapo. Andika barua fupi kwa Baraza la Wazee, ipitie kwa mwalimu wa kwaya, na usiiandike kwa jina la mwanao peke yake. Waombee watoto wanne au watano wa Shule ya Jumapili. Wazee wanaogopa vitu vitatu, na barua yako ivijibu vyote: kinanda kuharibika, umeme wa LUKU kwisha, na lawama ya upendeleo. Taja siku na saa, taja mtu mzima atakayekuwepo (kuna mama au mstaafu yeyote anayekaa jirani na kanisa asiyechoka kukaa kivulini), na sema wazi kwamba watoto watatumia hedifoni, spika na mikisa visiguswe. Kinanda cha umeme bila spika kinakula umeme kidogo mno. Kwa hesabu ya mwezi mzima, mchango wa wazazi watano hautauma. Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: kinachoua vinanda vyetu zaidi ni adapta isiyo yake na vumbi la kabatini, wala si vidole vya watoto.

Wakati mzuri wa kuipeleka ni kabla bajeti ya mwaka haijapangwa. Ikipita hapo utaambiwa halikuwemo.

Sasa mtoto amekaa kwenye kinanda, afanye nini bila mwalimu? Hapa nina neno na vijana wetu wa kwaya. Karibu wote wanapiga kila wimbo kwenye C, wimbo ukiwa juu au chini wanabonyeza transpozi, kitufe cha kupandisha na kushusha sauti, mpaka ikae. Siwacheki. Ni ujanja wa watu walioachwa wajifundishe wenyewe, na ibada inakwenda. Lakini siku akikuta piano ya kawaida isiyo na kitufe hicho, au akipewa nota, amekwama, na hapo ndipo mwalimu wa Forest anasema "unaona, hawa hawajui muziki". Kumbe anajua, isipokuwa mlango mmoja haujafunguliwa.

Mlango huo unafunguliwa na kitu ambacho bila shaka mwanao tayari anacho: solfa. Akiimba kwaya, anajua do, re, mi. Solfa yenyewe ilienezwa Uingereza kuanzia miaka ya 1840 na mchungaji John Curwen, aliyeichukua kwa mwalimu wa Norwich, Sarah Glover, akaitengeneza kwa ajili ya watoto wa shule za Jumapili na watu wa viwandani wasioweza kununua chombo. Wamisionari wakaibeba mpaka huku. Basi mwambie hivi: achague tenzi moja anayoiweza kabisa. Aipige do ikiwa kwenye C, vibonye vyeupe vitupu. Akishaizoea, azime transpozi, aiweke do kwenye G. Sikio litamwambia ti imekataa, haikai kwenye cheupe. Inataka kibonye cheusi, F kali, kilicho kulia kwa F. Akiimudu, aihamishie do kwenye F. Safari hii ti inakaa vizuri na fa ndiyo inayotaka cheusi, B bapa, kilicho kushoto kwa B. Asikimbilie wimbo mwingine. Tenzi ile ile, nyumba tatu, yaani mahali patatu pa do. Mtoto anayeweza hilo na tenzi tano ameshawapita wapiga vinanda wengi ninaowajua, na siku akianza kusoma nota kwenye mistari mitano ataona anaandikiwa mambo anayoyajua tayari.

Nota asome lini? Mapema, ila si kwa kinanda lazima. Filimbi ya plastiki ya shuleni, ile yenye tundu moja nyuma na saba mbele, ni chombo cha bei ndogo kuliko vyote vinavyofundisha kusoma nota, haihitaji umeme, na anaweza kulala nayo. Majirani watalalamika wiki mbili za kwanza. Vumilieni. Wengine huchora vibonye vya kinanda kwenye boksi na kuwapa watoto wafanyie mazoezi. Kwa kujua majina ya vibonye inasaidia, kwa muziki haisaidii, kwa sababu mwanao anajifunza kwa sikio na boksi halitoi sauti.

Niruhusu sasa niseme juu ya tarumbeta, kwa sababu wewe ni Mmoravian na hukuitaja kabisa. Nadhani unaiona kama kitu cha mazishi na harusi. Kwangu mimi ndiyo shule bora ya vyombo ya watu wa kawaida katika nyanda hizi za juu, na tumeisahau kwa sababu haifanani na piano ya sebuleni. Wamoravian wa Herrnhut kule Ujerumani walikuwa na kwaya za tromboni tangu karne ya 18. Wakipuliza makaburini alfajiri ya Pasaka, wakipuliza nje kwa sababu shaba inasikika nje. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin wakafika Unyakyusa mwaka huo huo, nao wana desturi kama hiyo. Tazama jinsi inavyofanya kazi: chombo ni mali ya ushirika, mtoto anakiazima, anakwenda nacho nyumbani. Mkubwa anamfundisha mdogo bila ada. Wanajifunza wengi kwa pamoja, kila mmoja na sauti yake, kwa hiyo kukosa mazoezi kwa mtu mmoja kunaonekana na wenzake wanamuuliza. Vile vitu vitatu nilivyosema vinalipiwa Forest, yaani chombo nyumbani, muda na mtu wa kufuatilia, hapa vinatolewa na kundi. Piano inataka kila mtoto na chake. Kwaya ya tarumbeta inagawana. Na kwa kijana asiye na mtaji kuna ajira mbele yake: bendi za Polisi, Magereza na Jeshi zinahitaji wapulizaji, na mwenye kusoma nota anaangaliwa tofauti na asiyesoma.

Akianza, aulize jambo moja siku ya kwanza. Kwaya zenye asili ya Kijerumani kwa desturi huandika nota za tarumbeta kwa sauti halisi: ukipuliza bila kubonyeza kitufe chochote, unasoma B bapa. Bendi za mtindo wa Kiingereza huandika hiyo hiyo kama C. Vidole ni vilevile, maandishi tofauti. Nimeona vijana wazuri wakienda kujaribiwa kwenye bendi na kuonekana hawajui kusoma, kumbe wamefundishwa kwa maandishi ya aina ile nyingine. Mwalimu wake amwambie ni ipi, na akishaiva ajifunze zote mbili.

Juu ya gredi zenyewe, usizionee wivu kupita kiasi. Ziko nane, na ni ngazi nzuri kwa sababu zinamwambia mtoto afanye nini baada ya hiki. Lakini gredi haziingii kwenye matokeo ya NECTA. Muziki ni somo linalojitegemea katika mtihani wa kidato cha nne, kwa shule chache zinazolifundisha. Uingereza gredi ya 6 hadi ya 8 zinampa mwombaji wa chuo alama za ziada, huku kwetu hapana. Kama siku moja atataka, kuanzia mwaka 2020 ABRSM inapokea mtihani wa kurekodiwa kwa video, kwa hiyo hatalazimika kumsubiri mtahini asafiri, na anayetaka kuvuka gredi ya 5 anatakiwa kwanza awe na nadharia ya gredi ya 5 au mtihani mwingine unaokubalika. Hilo ni la miaka ijayo, usilibebe leo. Akitaka kusomea kazi hii akiwa mkubwa, kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo, kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Makumira kule Arusha.

Mwalimu wa kulipwa naye ana nafasi yake, baada ya miezi kadhaa ya ufunguo na tenzi za nyumba tatu. Usimtafute wa kuja nyumbani. Mtafute mpiga kinanda wa kanisa lolote la mjini anayesoma nota, hata kama si wa dhehebu lenu. Wakatoliki wana walimu wengi wa kwaya wanaosoma vizuri. Mpelekee watoto wawili kwa saa moja, mzazi mwenzio achangie nusu, na iwe mara moja kwa wiki mbili. Kwa mtoto anayefanya mazoezi, somo la wiki mbili linatosha. Kwa asiyefanya, hata la kila siku halitoshi.

Na kwa bosi wako? Najua umewaza. Watu watakuambia umuombe mwanao akae kwenye somo la binti. Mimi nasita. Kinachotolewa kama hisani ya kazi kinaondoka siku kazi inapoondoka, na mtoto wa miaka 11 anaelewa vizuri sana anapokaa kwenye kiti cha pembeni. Omba kitu kimoja chenye mwisho: vitabu vya gredi ya kwanza ambavyo binti ameshavimaliza, au kinanda cha zamani kama walikuwa nacho kabla ya piano, ununue kwa kukatwa mshahara kidogo kidogo kwa makubaliano ya maandishi. Ukipewa bure, shukuru. Ukikataliwa, hujapoteza kitu. Kinanda cha mtumba ukikiona sokoni Mwanjelwa au kwa fundi, kijaribu kabla ya kulipa: kiwe na vibonye 61 vya ukubwa wa kawaida, ukigonga taratibu kitoe sauti ndogo na ukigonga kwa nguvu itoke kubwa, na ubonyeze kila kimoja, vyeupe na vyeusi, bila kuruka. Vile vidogo vya watoto vyenye taa na sauti za ng'ombe viache.

Shuleni nako kaulize, lakini usiweke tumaini kubwa. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 kwa awamu una somo la Sanaa na Michezo, na hilo ni jambo jema kwenye karatasi. Mwalimu mmoja mwenye darasa lililojaa na bila chombo hata kimoja atafundisha nyimbo na michezo, na ukweli ni kwamba anafanya anachoweza. Kama wazazi wa darasa mnaweza kuchangia filimbi kumi za plastiki, mtakuwa mmemsaidia kuliko malalamiko.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Umeandika kwamba mdogo wake wa kike "naye huimba", ukaacha hapo. Nenda Jumamosi ukahesabu nani wameshika vyombo na nani wamesimama kuimba. Wavulana wanakaa kwenye kinanda, kwenye gitaa, kwenye ngoma. Wasichana wanarudi nyumbani kupika mara tu mazoezi yakiisha, na dakika zile za kuchezea chombo ndizo wanazozikosa. Kwenye barua ya Baraza andika na jina lake. Na zile siku nne za dakika 30, gawa mbili kwa mbili, na kazi za nyumbani nazo zigawe hivyo hivyo, kaka aoshe vyombo vya jikoni siku ambayo dada ana zamu ya kinanda.